Lori Linalovuta Kushoto

Singida mjini,
Jumapili mchana.

Kwako Dada Hadija,

Shikamoo dada. Shikamoo nyingine mpelekee Mama mkononi, maana najua barua hii utaisoma yeye akiwa amekaa karibu na meko, akikuambia usome polepole. Mimi ni mzima, kile kifua cha vumbi kimeniachia. Je, goti la Mama? Mvua za huko Soni zimeanza, au bado mnayatazama mawingu yakipita kwenda kwa wengine? Watoto wote wanakwenda shule, au yule wa pili bado anajificha kwenye migomba? Nijibu kila swali kwa zamu yake. Usiniandikie "sote hatujambo" halafu ukafunga bahasha. Mtu akiniandikia "sote hatujambo" mimi hujua kuna mgonjwa anafichwa.

Na jambo la bahasha nilimalize hapa hapa. Barua yako ya mwisho ilifika imegundishwa mara mbili, mara moja kwa gundi yake yenyewe na mara ya pili kwa kitu kama uji wa unga. Kama ni wewe uliyeifungua ukakumbuka neno, kisha ukaigundisha tena, sema. Nimekuwa nikimtazama karani wa posta kwa jicho baya wiki ya tatu sasa, naye ameanza kunitazama vivyo hivyo.

Umeuliza kwa nini likizo yangu imepita hamkuniona. Nimeanza kukujibu mara tatu, nikachana karatasi. Leo karakana imefungwa, nimekaa kwenye kivuli cha ukuta, na karatasi nimeiwekea jiwe kwa sababu upepo wa hapa haumwachii mtu kitu mkononi. Likizo imefutwa. Sikufukuzwa kazi wala sikufungwa, msianze kulia. Lakini nilikaribia kumfungisha mtu asiye na kosa, na nataka ulisikie jambo hili kutoka kwangu kabla halijakufikia kwa mdomo mwingine.

Hapa siku hizi kazi ya malori yetu ni moja tu, kuhamisha watu. Operesheni ya vijiji imewaka moto. Asubuhi malori yanabeba watu na vilindo vyao vya nafaka na milango ya nyumba zao, na siku nyingine yanapeleka unga wa njano kwa wale waliohamishwa kabla hawajavuna. Malori ni machache na yote yamechoka. Moja likilala hapa karakana, kuna kijiji kinalala na njaa. Ndiyo maana gari likiharibika ovyo ovyo hapa, watu hawasemi limeharibika. Wanauliza nani ameliharibu, na wanauliza kwa sauti ya chini.

Lori namba nne linaendeshwa na Jumanne, Mnyaturu wa upande wa Ihanja, mrefu, umri wake na wangu sawa. Mtu mpole mno. Upole wake ndio ulionitia shaka tangu siku ya kwanza niliyoripoti kazini. Mtu anayemsalimia kila mtu, hata mlinzi, hata mbwa wa mlinzi, anatafuta nini? Wewe unanijua, dada. Tangu utotoni nikipewa kipande kikubwa cha nyama nilikuwa nageuza kwanza nione chini yake kuna nini.

Siku moja Jumanne alirudi safari akanifuata pale ninapofanyia kazi, kofia mkononi.

"Fundi," akasema, "gari linavuta kushoto nikikanyaga breki."

"Tangu lini?"

"Wiki hii tu. Asubuhi halivuti, linasimama vizuri tu. Nikishatembea mbali, mchana, linavuta."

Nikueleze kwa lugha ya jikoni ili unifuate. Ndani ya kila gurudumu kuna ngoma ya chuma, na ndani ya ngoma kuna viatu viwili vya breki. Dereva akikanyaga, mafuta ya breki yanakwenda kwa mabomba hadi gurudumuni na kuvisukuma vile viatu vikabane ngoma. Gurudumu la mbele la kulia lisipobana, la kushoto linabana peke yake, na lori linageukia upande unaobana. Kwa hiyo lori likivuta kushoto, mgonjwa yuko kulia. Nikafungua kulia. Nikakuta viatu vya breki vimelowa mafuta chapachapa.

Nikajua, au nilidhani nimejua. Ile silinda ndogo ya gurudumuni inavujisha mafuta ya breki. Nikabadilisha mipira yake, nikaosha viatu kwa petroli, nikavichoma mafuta yaliyonyonywa yatoke, nikavisugua kwa msasa, nikafunga, nikatoa upepo kwenye mabomba. Tukalijaribu uwanjani likasimama wima kama askari. Jumanne akanishukuru mara mbili. Hata shukrani ya pili niliitilia shaka, maana moja ilitosha.

Baada ya siku nne lori likarudi na ugonjwa ule ule. Nikafungua, viatu vimelowa tena. Safari hii nikainua boneti kwanza nikatazama kopo la mafuta ya breki. Lilikuwa limejaa hadi alama niliyoliacha nayo. Dada, kama mafuta yanavuja huko chini, lazima yapungue huku juu. Hayakupungua hata tone. Na yale yaliyokuwa kwenye viatu hayakuwa mekundu kama ya breki wala meusi kama grisi iliyochoka. Yalikuwa meupe meupe, na yalipopoa yaliganda kama mchuzi wa jana. Harufu yake, Mungu anisamehe, ilinitia njaa. Ilikuwa harufu ya nyama ya kondoo ya kuchoma.

Hapo roho yangu ya zamani ikaamka. Nikakaa juu ya tairi nikaunganisha mambo. Jumanne anabeba kondoo wa wizi. Anawachinja njiani na kuchoma nyama huko porini, mikono ina mafuta, na kwa mikono hiyo hiyo anafungua gurudumu ili lori liharibike na yeye apumzike. Kwa nini mwizi wa kondoo ajiletee tabu ya kufungua gurudumu la lori la tani saba, hilo sikujiuliza. Nilikuwa nimeshapata mtu, sababu ningezitafuta baadaye.

Nikabadilisha hata sili ya grisi ya kitovu cha gurudumu, ili mtu asije akanitupia hilo. Nikaosha, nikafunga. Halafu nikachukua rangi nyekundu na unyoya wa kuku, nikatia nukta kwenye kila nati, nusu kwenye nati na nusu kwenye chuma. Mtu akigusa nati, nukta inakatika. Sikumwambia mtu. Na kila nilipofanya kazi hiyo Jumanne alikuwa amesimama pale pale nyuma yangu. Tangu mara ya kwanza alikuwa hivyo. Haulizi kitu, ananipa spana, anapokea nati asizidondoshe mchangani, anaangalia. Nikasema moyoni, anajifunza namna ya kufungua bila kuacha alama.

Mara ya tatu ndipo mambo yalipoharibika. Jumanne alikuwa amebeba familia mbili na vyombo vyao kwenye barabara ya Ihanja, ng'ombe wakakatiza, akakanyaga breki, lori likaruka kushoto likaingia mtaroni. Hakufa mtu. Mzee mmoja alivunjika mfupa wa bega, na nafaka ya mwaka mzima ikamwagika kwenye matope. Lori lilivutwa hadi kwetu likiwa na majani kwenye meno. Nikaliendea kabla sijanawa uso. Nukta zangu zote nyekundu zilikuwa nzima, hata moja haikukatika. Nikafungua. Ndani, mafuta.

Mafundi wenzangu wakaanza kusema ni uchawi. Mimi nikasema mchawi gani anahitaji mafuta. Lakini siku ile nilianza kuufungia mfuko wangu wa chakula.

Mkuu wa karakana yetu ni Mzee Mkumbo, Mnyiramba wa Kinampanda, mtu wa kanisa, maneno yake ni ya kuhesabu. Alituita mimi na Jumanne ofisini kwake, hakutukaribisha viti.

"Gari limefunguliwa mara tatu na mtu mmoja," alisema. "Limeendeshwa mara tatu na mtu mmoja. Sitaki kusikia habari za shetani. Huko juu wanaita hujuma, na Jumatatu wanakuja kuchukua jina. Jina likishatoka hapa mimi sina uwezo nalo tena. Ndugu Athumani, ndugu Jumanne, kila mmoja aniletee karatasi. Aandike anachokijua."

Alipotuita "ndugu" badala ya "fundi" na "dereva" nilijua maji yamefika shingoni. Ama mimi, ama yeye. Na mimi ndiye mgeni, Msambaa asiye na shangazi hata mmoja mkoa huu. Nikasema lazima nimtangulie.

Nikaandika, dada. Sikuandika kwamba nimemwona, kwa sababu sikumwona. Niliandika kwamba hakuna mwingine anayeweza. Niliandika habari za kondoo. Niliandika kwamba mama yake mzazi amehamishwa na operesheni na hakufurahi, kwa hiyo mtoto ana kinyongo na serikali. Hilo nililisikia kwa watu tu, na kweli yule mama alisimama mkutanoni akasema, "Mmenileta hapa kama mzigo wa kuni." Nilijaza ukurasa mzima, nikageuza nikajaza na nyuma. Jumanne naye alipeleka karatasi yake, imekunjwa mara nne, ndogo kama hirizi, imeandikwa kwa penseli. Nilipomwona akiitoa mfukoni nilijua jina langu limo ndani.

Jumamosi unga ulikuwa lazima uende na lori jingine halikuwapo. Nikafungua breki za namba nne kwa mara ya nne, nikazisafisha, nikamwomba Mzee Mkumbo niende nalo, nikasingizia kwamba nataka kusikiliza springi njiani. Nilitaka kumkamata Jumanne mkono wake ukiwa ndani ya ngoma, Jumatatu niwe na cha kusema zaidi ya karatasi.

Njia nzima sikumwondolea macho. Aliendesha taratibu, akaniuliza habari za milima yetu, kama ni kweli kwamba mtu anaweza kulala na blanketi mbili mchana. Nilimjibu kwa mkato. Tulipofika kijiji kipya, nyumba zimepangwa mistari kama viazi shambani na nusu yake hazijaezekwa, tukashusha unga. Halafu akasogeza lori hadi mstari wa pili, mbele ya nyumba ya mama yake.

"Karibu ndani, fundi. Mama amepika uji wa mtama. Kila nikipita lazima nionje, la sivyo hatuelewani."

"Tumbo langu haliko vizuri," nikasema. Ningekunywaje uji wa watu wale siku mbili kabla ya Jumatatu?

Akaingia peke yake. Mimi nikajilaza chini ya lori, nikijifanya naangalia springi, nikamsubiri arudi kimya kimya na spana yake. Nikaona miguu. Haikuwa ya Jumanne. Ilikuwa miguu mikavu ya mtu mzima, yenye bangili ya shaba kifundoni, ikitembea bila haraka. Ikasimama penye gurudumu la mbele la kulia. Nikatambaa nikatokea upande wa bampa.

Alikuwa ni bibi mmoja mwembamba, ameshika kibuyu kidogo kiganjani. Kidole chake kilikuwa kimejaa mafuta meupe, anakisukuma ndani ya gurudumu, ndani ya tundu la ngoma ya breki, anakitoa, anachota tena, huku akisema maneno ya Kinyaturu polepole kama mtu anayemlisha mtoto.

Dada, hapa ruka, usimsomee Mama. Nilimshika mkono. Nilimshika mkono mwanamke aliyemzidi Mama umri, bila shikamoo, nikampigia kelele, "Nimekukamata!" Majirani wakatoka. Yeye hakuuvuta mkono wake wala hakuniogopa. Alinitazama kuanzia viatu hadi kichwani, akasema kwa Kiswahili cha taratibu:

"Ni wewe fundi. Jumanne anasema unahangaika sana na gari hili. Basi niachie, nimalize."

Jumanne alitoka mbio na kikombe cha uji mkononi. Akaona kibuyu, akaona kidole, na uso wake ukabadilika rangi. Nikajua pale pale kwamba alikuwa hajui kitu. Uso ule hauwezi kuigizwa, na mimi nimezitazama nyuso nyingi nikitafuta uongo.

"Mama, unafanya nini?"

"Ninachofanya siku zote."

Akatueleza, na yalipomshinda kwa Kiswahili Jumanne akatafsiri. Kwao mtu akianza safari anapakwa mafuta ya kondoo kwenye paji la uso, aende salama na arudi. Baba yake alipakwa alipokuwa akipeleka ng'ombe mnadani. Lakini Jumanne, tangu alipopewa usukani, hataki. Anasema atanuka kondoo mbele ya viongozi.

"Yeye anakataa," yule mama akasema. "Gari halikatai."

"Na kwa nini gurudumu hili?" nikauliza. Sauti yangu ilikuwa imeshashuka.

"Si ndilo liko chini yake? Mwanangu anakaa upande huu." Akapiga mlango wa dereva kwa kiganja. "Zamani nilikuwa napaka nje. Vumbi linafuta, hata hajafika barabarani. Siku moja nikaona Mungu amefungua tundu. Nikasema vizuri, humu ndani hayafutiki."

Sasa nisikilize vizuri, dada, maana hapa ndipo nilipokaa chini mchangani mbele za watu. Kila ngoma ya lori lile ina tundu dogo la kupitishia bisibisi, fundi arekebishe viatu bila kufungua gurudumu. Tundu hilo lina kizibo cha mpira. Miezi kadhaa iliyopita nilipokuwa narekebisha breki, kizibo cha gurudumu la kulia kilikatika mkononi mwangu. Stoo hawakuwa nacho. Nikasema nitachonga kingine kesho. Kesho ikaja na lori jingine, na kesho kutwa na jingine. Baada ya hapo nimeifungua ngoma ile mara nne, nimeliona tundu lile mara nne, wala halikunisumbua hata kidogo. Nilikuwa nahesabu nukta nyekundu kwenye nati. Mafuta yalikuwa yanaingia tunduni yakiwa yameganda, breki zikipata moto yanayeyuka na kutambaa kwenye viatu, na ndiyo maana asubuhi lori halivuti na mchana linavuta. Yule mama anasema tundu limefunguliwa na Mungu. Mimi namjua aliyelifungua.

Nikamsalimia pale pale mchangani, shikamoo mama, kwa kuchelewa. Akaitikia marahaba kana kwamba hakuna lililotokea, akaniletea uji. Nikaunywa wote. Kisha nikafungua gurudumu, nikasafisha, nikakata kipande cha mpira wa katambuga yangu ya kushoto nikachonga kizibo, nikakigongelea hadi kikakaa. Jumanne alikuwa nyuma yangu, anapokea nati.

 Njiani kurudi akasema, "Fundi, Jumatatu tutasema nini? Maneno yake ya mkutanoni watu wanayakumbuka. Wakisikia ni yeye, nani ataamini habari ya baraka? Watamchukua."

"Hatumtaji," nikasema. "Tundu niliacha wazi mimi. Tutasema tundu."

Akacheka, dada. Alicheka kwa kushusha pumzi, akanipiga bega. "Kumbe ni kizibo tu! Hilo ni kosa dogo, fundi, kila mtu anasahau." Nami nikakaa pembeni yake na karatasi ile kichwani, ya mbele na nyuma, nikashindwa kumwambia. Nilipanga nifike kwanza, niichukue kwa Mzee Mkumbo, niichane, asijue maisha yake yote.

Haikuwa hivyo. Tulipofika Jumanne alishuka akanifuata hadi ofisini, kwa wema tu, ili nisiende kujieleza peke yangu. Nilimwambia Mzee Mkumbo habari ya tundu, nikamwonyesha kitambaa nilichofutia viatu vya breki. Alikinusa. Akakinusa tena. Yeye ni wa Kinampanda, desturi za mkoa huu anazijua, nadhani alijua kila kitu tangu pumzi ya kwanza, lakini hakuuliza ni nani. Akasema, "Andika mafuta yameingia kutoka nje. Inatosha."

"Naomba karatasi yangu ya jana, mzee," nikasema.

"Karatasi zilikuwa mbili," akajibu. Akafungua droo akazitoa zote. "Mlizileta kwa siri, sasa mtazisikia kwa uwazi. Mimi sipendi karatasi inayolala kwenye droo yangu ikimjua mtu."

Akaanza na ya Jumanne. Ilikuwa mistari mitatu. "Nimesimama na fundi mara zote tatu akifungua gurudumu. Sijamwona akikosea. Kama lazima jina litoke liandikwe langu, mimi ndiye nilikuwa nimeshika usukani."

Basi hicho ndicho alichokuwa akikifanya nyuma yangu. Alikuwa ananishuhudia, ili siku moja mtu akiuliza awe na la kusema kwa ajili yangu.

Halafu Mzee Mkumbo akavaa miwani vizuri akasoma ya kwangu. Nilidhani ataishia kwenye kondoo. Hakuishia. Akasoma habari za kinyongo, akasoma habari za mama yake, akageuza, akasoma na nyuma. Jumanne alikuwa anatazama kofia yake. Alipomaliza, Jumanne akaomba ruhusa, akatoka, akafunga mlango polepole kama anavyofanya siku zote.

Niliandika karatasi nyingine, fupi. Kizibo kilikatika mkononi mwangu, sikuweka kingine, mafuta yakaingia kutoka nje, kosa ni langu. Jumatatu walikuja, wakaisoma, wakanikaripia hadi masikio yakaziba, wakaondoka. Nimerudishwa kuwa fundi msaidizi na likizo imefutwa. Nimelipokea, ni haki yangu. Yule mama hakuna aliyemtaja. Nimesikia sasa Jumanne anainamisha kichwa akiondoka kwao, na harufu ya kondoo anakuja nayo hadi hapa karakana. Hakuna anayemcheka, na anayetaka kucheka anajua nitamfanya nini.

Lori halivuti tena kushoto wala kulia. Kinachonikosesha raha ni kingine. Siku hizi Jumanne ananiita "ndugu Athumani". Hanipi spana, hasimami nyuma yangu. Ufunguo wa lori anampa Mzee Mkumbo, naye ndiye anayenipa mimi. Na kila asubuhi kabla hajapanda, anachuchumaa mbele ya kila gurudumu nililofunga. Anajaribu nati moja moja kwa mkono wake, anabonyeza vizibo kwa kidole, kisha anazunguka upande wa pili. Mbwa wa mlinzi anamsalimia kama zamani. Mimi nikisimama mlangoni ananitazama mikono. Hana kosa. Ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo, na zaidi. Lakini inaniuma, dada. Katika karakana nzima alikuwa ni mtu mmoja tu asiyemshuku mtu, na mimi ndiye niliyemfundisha.

Nimekuchosha. Msalimie Mama, umwambie nakula, na kwamba ugali wa mtama na mlenda nimeshauzoea, asiwe na wasiwasi. Mjomba fundi cherehani msalimie, na yule mwalimu wetu wa chuo umwombe aniombee dua. Watoto wabusu wote, hata anayejificha migombani. Shangazi wa kule bondeni, mwambie kitambaa chake nimekipata, bado nakitafutia mtu wa kukileta ninayemwamini. Basi, mtu yeyote atakayekuja nitampa.

Na mumeo, dada. Shemeji sijamtumia salamu mwaka wa tatu huu, na wewe hukuwahi kuniuliza kwa nini, ulinyamaza tu. Ule msumeno wa marehemu baba, nilisema msibani mbele ya watu kwamba ameuchukua akauuza. Sikumwona akiuchukua. Sikumwona mtu yeyote akiuchukua. Nilifikiri tu. Sehemu hii msomee kwa sauti, Mama na jirani wakiwepo, kama nilivyosema mimi siku ile mbele yao.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Athumani.